Gastrografin, chupa ya mililita 100: kipimo kizuri, dawa ya wastani

Gastrografin ni dawa ya kuonyesha utumbo kwenye picha ya eksirei. Kilichomo ni kimiminika angavu chenye unjano kwa mbali. Ukifungua kizibo inakujia harufu ya anisi, na ladha yake ni chungu. Mafuta ya anisi na sakarini vilivyoongezwa vinapunguza uchungu huo bila kuumaliza. Kila mililita ina miligramu 660 za meglumini amidotrizoati na miligramu 100 za sodiamu amidotrizoati, na iodini yake kwa jumla ni miligramu 370. Iodini hiyo ndiyo inayong'aa kwenye picha ya eksirei. Mtengenezaji ni Bayer.

Chupa hii ina kazi nyingi kwenye chumba cha picha. Tathmini hii inahusu kazi moja tu, ile ambayo ndugu wa mgonjwa hapa Dar es Salaam hukimbizwa famasi kuinunulia: mtu mzima aliyewahi kupasuliwa tumbo, iwe kwa uzazi, kidole tumbo au jambo jingine, na sasa utumbo mwembamba umeziba kwa sababu makovu ya ndani yameukamata. Tumbo limejaa, anatapika nyongo, hapati choo wala hatoi hewa.

Msimamo wetu tunautoa mapema. Kama kipimo cha kuamua nani apelekwe tieta na nani avumiliwe, chupa hii inastahili pesa yake. Kama dawa ya kuzibua utumbo, sifa zake wodini zimepita ushahidi uliopo.

Kwa nini wanasema inazibua

Nguvu yake ya kuvuta maji ni takribani miliosmoli 1,900 kwa kilo, wakati ya damu ni kama 290. Ikifika kwenye utumbo inavuta maji kutoka kwenye ukuta uliovimba na kuyaleta ndani. Uvimbe unapungua, kilichoganda kinalainika, na utumbo unasukumwa ufanye kazi. Nadharia hiyo ina mantiki. Ila nguvu hiyohiyo ndiyo hatari yake kuu, maana maji yanayovutwa yanatoka kwa mtu ambaye ametapika siku mbili na tayari amekauka.

Ushahidi sasa. Mapitio ya mwaka 2007 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti zilizokuwapo na kukuta kwamba dawa ikionekana kwenye utumbo mpana ndani ya saa 24, mgonjwa karibu hakika atapona bila kisu: usikivu wa kipimo 97% (kati ya watakaopona bila kisu, 97 kwa 100 dawa huonekana imefika), umahususi 96% (kati ya watakaohitaji kisu, 96 kwa 100 huonekana haijafika). Idadi ya operesheni haikupungua, ila waliopona bila kupasuliwa walikaa hospitali pungufu ya takribani siku mbili. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2010 ulikuta hata operesheni zinapungua. Kisha mwaka 2017 Wafaransa wakachapisha jaribio la vituo vingi lenye wagonjwa 242, nusu wakipewa Gastrografin na nusu maji ya chumvi. Waliopasuliwa walikuwa 24% upande wa Gastrografin na 20% upande wa maji ya chumvi. Tofauti hiyo kitakwimu si kitu, na hata siku za kulazwa hazikupungua. Uwezo wa kutabiri umesimama imara katika tafiti hizi. Uwezo wa kutibu unayumba kila jaribio jipya linapotoka.

Asilimia hizo zikigeuzwa kuwa watu zinaeleweka vizuri zaidi. Chukua wagonjwa 100 wa makovu wasio na dalili za hatari, na tuseme 75 kati yao wangepona kwa dripu na mpira wa puani peke yake. Kwa usikivu na umahususi wa Cochrane, picha itaonyesha dawa imefika utumbo mpana kwa watu kama 74, na kati ya hao mmoja tu atakuja kuhitaji kisu. Kwa 26 waliobaki haitafika, na kati yao wawili wangepona wenyewe kama ungesubiri. Kipimo chenye makosa machache namna hiyo ni nadra katika magonjwa ya tumbo. Lakini hesabu nzima imesimama juu ya sentensi ya mwanzo: wa makovu, wasio na dalili za hatari. Ukichanganya na wengine, namba zote zinaanguka.

Wasiopewa

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Tafiti hizo zilifanyika zaidi mahali ambapo makovu ndiyo chanzo kikubwa na skani ya CT inapigwa mapema. Kwetu ngiri iliyobanwa na utumbo mpana kujisokota bado ni wageni wa kila wiki kwenye wodi za upasuaji, na wengi hufika wamechelewa, wakitoka Mkuranga au Bagamoyo baada ya kupitia vituo viwili vitatu.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika cheti cha dawa, mvue mgonjwa nguo umkague kinena pande zote mbili, kitovu na makovu yote. Kwa wanawake tafuta uvimbe mdogo chini ya mkunjo wa kinena, nje kidogo ya mfupa wa kinena. Ngiri ya paja inaweza kuwa ndogo kama ncha ya kidole na bado imebana utumbo. Ngiri iliyobanwa haihitaji Gastrografin. Inahitaji tieta.

Picha ya kawaida ya eksirei ipigwe kabla ya dawa, si baada. Utumbo mwembamba ukizidi sentimita 3 kwa upana umetanuka. Utumbo mpana ni 6, na sikamu, yaani mwanzo wa utumbo mpana, ni 9. Ukiona kitanzi kimoja kikubwa chenye umbo la punje ya kahawa kimepanda kutoka nyonga, hilo ni sigmoidi (kipande cha mwisho cha utumbo mpana) lililojisokota na njia yake ni nyingine kabisa. Ultrasaundi nayo inasaidia kama kuna anayeijua: vitanzi vya zaidi ya sentimita 2.5 vilivyojaa maji yanayokwenda mbele na kurudi nyuma.

Wengine wa kuwaondoa kwenye orodha ni wenye maumivu yasiyotulia hata baada ya mpira kutoa maji, homa, mapigo ya moyo yanayobaki juu baada ya dripu, au tumbo gumu ambalo mgonjwa anaruka likiguswa. Hao huenda utumbo unakosa damu au umeshatoboka, na kila saa inayopotea kwenye kipimo inalipwa kwa urefu wa utumbo utakaokatwa. Usimpe mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, wala aliyewahi kupata mzio mkali wa dawa za picha zenye iodini. Mtoto mdogo hapewi bila kuichanganya na maji mengi, na uamuzi huo ni wa bingwa wa upasuaji wa watoto. Mjamzito vilevile, bingwa kwanza.

Namna ya kuitumia ili jibu liaminike

Anza na maji ya mwilini. Dripu ya Ringa lakteti mpaka mkojo utoke angalau nusu mililita kwa kilo kwa saa, yaani mililita 30 kila saa kwa mtu wa kilo 60, ukipimwa kwa katheta. Potasiamu irekebishwe mkojo ukishaonekana, kwa sababu utumbo wenye potasiamu ya chini ni mvivu hata ukiwa haujaziba, na utakupa jibu la uongo.

Mpira wa puani uwe namba 16, wenye alama ya rangi ya chungwa, au 18, wenye nyekundu. Namba 12 huziba kwa makapi ya chakula. Pima kutoka ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi ncha ya mfupa wa kifua. Mipira ya Ryle inayouzwa sana hapa ina alama sentimita 50, 60 na 70 kutoka ncha, hivyo andika umeingia kiasi gani na ubandike plasta imara. Uache utoe maji kwa saa mbili hivi, kisha nyonya kwa sirinji mpaka tumbo la chakula liwe tupu. Hatua hii watu huiruka wakiwa na haraka. Ukimimina mililita 100 kwenye tumbo lenye lita moja ya nyongo, umeizimua dawa kabla haijaanza safari, na umemwandalia mgonjwa kutapika na kupaliwa.

Kupaliwa ndiyo ajali mbaya kuliko zote za chupa hii. Ikiingia kwenye mapafu inavuta maji huko pia, na mgonjwa anaweza kuzama kwa maji ya mwili wake mwenyewe. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45 kabla ya kuanza, na kisishushwe. Mgonjwa aliyechanganyikiwa au mwenye usingizi mzito asipewe. Hakikisha ncha ya mpira iko tumboni. Picha ile ya kwanza ukiipiga baada ya kuweka mpira inajibu na swali hilo, ukaokoa picha moja.

Dozi ya kawaida ni mililita 100 zikichanganywa na 50 za maji, kupitia sirinji ya mililita 60 yenye mdomo wa katheta, polepole, kisha suuza kwa mililita 20 hadi 30 za maji. Mwongozo wa Bologna wa upasuaji wa dharura, toleo la 2017, unaruhusu kati ya mililita 50 na 150. Bana mpira kwa saa mbili hadi nne. Akihisi kichefuchefu kikali au kuanza kutapika, fungua mara moja, na uandike kiasi kilichorudi, kwa sababu dawa iliyorudi kwenye mfuko haitaonekana kwenye picha na mtu wa zamu ijayo atadhani utumbo umeziba kabisa.

Picha zipigwe saa nane baada ya kumpa, na tena saa ishirini na nne kama ya kwanza haijatoa jibu. Muda huo upange kabla hujafungua chupa. Ukimpa saa 2 asubuhi, picha ya kwanza inaangukia saa 10 jioni na ya pili saa 2 asubuhi inayofuata, na chumba cha eksirei kina watu. Ukimpa saa 10 jioni, picha ya kwanza ni saa 6 usiku. Uliza kama zamu ya usiku ipo na kama jenereta inabeba mashine. Na kwenye faili andika kwa mtindo wa saa 24. "Amepewa saa 2" imeshasababisha picha kupigwa mapema au kuchelewa nusu siku nzima, kwa sababu mmoja alimaanisha asubuhi na mwingine akasoma usiku.

Kusoma picha

Unatafuta weupe kwenye utumbo mpana. Mikunjo ya utumbo mwembamba inavuka upana wote na vitanzi vyake hukaa katikati. Utumbo mpana una vifuko ambavyo mistari yake haifiki upande wa pili, nao unazunguka pembeni kama fremu. Weupe uliojikusanya chini kulia unaweza kuwa sikamu au kitanzi cha mwisho cha utumbo mwembamba kilichotanuka, na wageni kwenye kazi hii hukosea hapo mara nyingi. Ukiwa na shaka, subiri saa nne upige tena. Weupe uliofika kwenye rektamu, karibu na njia ya haja kubwa, haubishaniwi.

Picha yenye ukungu wa kijivu bila weupe mahali popote huwa na maana mojawapo kati ya mbili: dawa imeyeyukia kwenye lita za maji yaliyojaa kwenye utumbo, au imenyonywa na mpira uliofunguliwa mapema. Soma chati ya mpira kabla ya kutoa hukumu, na ulinganishe na picha ya kwanza.

Ikifika utumbo mpana na maji ya mpira yamepungua, toa mpira, anza kwa maji na chai ya rangi, kisha uji mwepesi. Isipofika ndani ya saa 24, mwite mpasuaji na uandae damu. Usingoje saa 72 zitimie. Zile saa 72 zinazotajwa kwenye miongozo ni ukomo wa kumvumilia mgonjwa aliyetulia, na mtu akizigeuza ruhusa ya kwenda nyumbani wikiendi, mgonjwa anazilipia.

Mwambie ndugu na muuguzi mapema kwamba mgonjwa ataharisha. Choo cha maji kinaweza kuja ndani ya saa chache na mashuka yatachafuka. Wakati huohuo, choo peke yake kisikudanganye. Utumbo ulio chini ya mzibo huweza kumwaga kilichokuwamo ilhali juu bado kumefungwa. Picha ndiyo jibu.

Kununua

Usiitafute famasi ya mtaani. Anzia famasi zinazohudumia hospitali kubwa, upande wa Upanga karibu na Muhimbili, au maduka ya dawa ya jumla Kariakoo, na upige simu kabla ya kupanda daladala. Jina lisomwe herufi kwa herufi, kwa sababu kuna Urografin, ya sindano, na mwandiko wa haraka unazifanya pacha. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, kizibo kisichoguswa, na chupa iwe ndani ya boksi lake, maana mwanga na mionzi ya eksirei vyote vinaiharibu. Kwa sababu hiyo pia haitunzwi kwenye chumba cha eksirei, ingawa huko ndiko wengi huiweka. Bodaboda isiiache juani Buguruni saa sita mchana wakati dereva anakula. Frijini nayo si mahali pake: chini ya nyuzi 7 hutoa chembechembe kama chumvi. Ikitokea, ipashe joto taratibu na kuitikisa. Chembe zinayeyuka na dawa haijapoteza nguvu.

Hospitali inayopokea wagonjwa hawa ingefanya vyema kuweka chupa mbili kabatini na kuziingiza kwenye bili baadaye. Kumtuma ndugu saa tatu usiku kutafuta dawa ambayo famasi nyingi hazina ni kupoteza muda ambao kipimo kizima kiliundwa kuuokoa. Na kituo kisicho na eksirei ya usiku wala mpasuaji wa kuitika, pesa ya chupa ni bora ilipie mafuta ya gari la rufaa.

Ikikosekana

Urografin 76% na Trazograf 76%, zinazotengenezwa kwa ajili ya sindano, zina chumvi zilezile na iodini ileile, miligramu 370 kwa mililita. Hazina anisi, lakini kwa kuwa zinapita kwenye mpira ladha haina maana. Huuzwa kwenye vichupa vidogo, kwa hiyo hesabu vingapi vinafika mililita 100 kabla hujalipa. Kinyume chake hakikubaliki kabisa: Gastrografin haiingizwi kwenye mshipa kwa hali yoyote ile, na sirinji iliyoibeba iandikwe hivyo.

Omnipaque 350, dawa nyingine ya picha yenye iodini, hupatikana kirahisi zaidi kwa sababu vyumba vya CT vinaitumia kila siku. Nguvu yake ya kuvuta maji ni miliosmoli 844 kwa kilo, chini ya nusu ya Gastrografin, kwa hiyo ina afadhali kwa mzee dhaifu unayehofia atapaliwa. Kuonekana inaonekana vizuri. Msukumo ule wa maji ndio unaopungua, na kwa kuwa tunainunua kama kipimo, hasara hiyo si kubwa.

Bariamu, dawa nyingine ya picha, hata ukiambiwa ipo stoo na ni rahisi, iache. Utumbo ukiwa umetoboka, bariamu inamwagika kwenye utando wa tumbo na kuwasha moto ambao antibiotiki hazizimi. Kama mzibo uko kwenye utumbo mpana, maji yake yananyonywa, inabaki tope gumu juu ya mzibo, na mpasuaji ataikuta hapo.